Von Neumann: Gwiji wa hisabati aliyezipa mashine uwezo wa kujitegemea angani

MNAMO Aprili 2024, wahandisi wa Shirika la Anga za Juu la Marekani, NASA, walifanikiwa kukitibu chombo ambacho hakuna fundi awezaye kukifikia. Voyager 1, kilichorushwa Septemba 1977, kilikuwa umbali wa takriban kilomita bilioni 24 kutoka duniani. Kwa muda wa miezi mitano kilikuwa kikituma habari zisizosomeka, kwa sababu chipu moja ya kumbukumbu yake ilikuwa imeharibika.

Wahandisi hao waliigawa programu iliyokuwa katika chipu hiyo na kuihamishia kwenye nafasi nyingine za kumbukumbu ya chombo hicho hicho. Maagizo yao yalichukua zaidi ya saa 22 kufika, na jibu likachukua muda kama huo kurudi. Hatimaye Voyager 1 kikaanza tena kueleza hali yake kwa lugha inayoeleweka.

Tiba hiyo iliwezekana kwa sababu maagizo yanayoiongoza tarakilishi huhifadhiwa ndani ya kumbukumbu yake kama data nyingine yoyote. Yanaweza kusomwa, kunakiliwa na kuhamishwa. Mtu ambaye jina lake limefungamana na wazo hilo alifariki miaka 20 kabla ya Voyager kuondoka duniani. Aliitwa John von Neumann.

Von Neumann hakuwahi kuunda chombo cha angani. Setilaiti ya kwanza duniani, Sputnik, ilirushwa na Muungano wa Kisovieti miezi minane baada ya kifo chake. Hata hivyo, watafiti wa akili bandia wanaobuni mashine za kwenda mbali na kujiamulia mambo zenyewe hujikuta wakirudia maswali ambayo yeye aliyauliza mwanzo. Maisha yake, aidha, yanadhihirisha jinsi kichwa kimoja kinavyoweza kujenga na kubomoa kwa ustadi ule ule.

Mtoto wa Budapest

Alizaliwa Desemba 28, 1903 jijini Budapest, Hungary, akiwa kifungua mimba katika familia ya Kiyahudi iliyojaliwa mali. Babake, Miksa Neumann, alikuwa mfanyakazi wa ngazi ya juu katika benki. Mnamo 1913 mzee huyo alitunukiwa cheo cha uungwana na Mfalme Franz Joseph, na ndiyo maana mwanawe baadaye akajiita von Neumann.

Kipaji cha mtoto huyo kilijitokeza mapema. Alipojiunga na shule ya upili ya Kilutheri jijini humo, mwalimu wake wa hisabati, László Rátz, alitambua kwamba masomo ya kawaida hayangemtosha. Akapanga afunzwe na wahadhiri wa chuo kikuu. Kabla ya kutimiza umri wa miaka 20 alikuwa tayari ameandika makala ya utafiti wa hisabati.

Hata hivyo, utoto wake haukuwa wa raha tupu. Mnamo 1919 Wakomunisti chini ya Béla Kun walitwaa mamlaka nchini Hungary, na familia ya Neumann ikalazimika kukimbia kwa muda. Utawala huo ulipoanguka, waliofuata waliwaandama Wayahudi, na mwaka wa 1920 sheria ikapitishwa kuwawekea kikomo katika vyuo vikuu. Von Neumann aliyabeba makovu ya nyakati hizo maisha yake yote, hasa chuki yake dhidi ya Ukomunisti.

Babake alihofu kwamba hisabati isingemletea mwanawe riziki. Wakaafikiana asomee uhandisi wa kemikali mjini Zürich, Uswisi, huku akijisajili kwa shahada ya uzamifu katika hisabati jijini Budapest. Huko Budapest alifika hasa nyakati za mitihani. Kufikia 1926 alikuwa amefuzu kote kuwili, akiwa na umri wa miaka 22.

Alikwenda Göttingen, Ujerumani, kufanya utafiti chini ya David Hilbert, kisha akafundisha Berlin na Hamburg. Kitabu chake cha 1932 kiliijengea fizikia ya kwanta msingi thabiti wa hisabati. Wakati huo alikuwa ameanza kufundisha Princeton, Marekani, alikoalikwa mwaka wa 1930. Hitler aliposhika hatamu za uongozi Ujerumani mnamo 1933, von Neumann alikata uhusiano na vyuo vya nchi hiyo. Mwaka huo huo aliteuliwa kuwa mmoja wa maprofesa wa kwanza wa Taasisi ya Utafiti wa Juu mjini Princeton, pamoja na Albert Einstein.

Waliomfahamu walishangazwa na jinsi alivyotofautiana na picha ya msomi mpweke. Alivaa suti nadhifu kila siku, alipenda karamu na mizaha, na alikuwa dereva mbovu aliyeharibu magari kadhaa. Alimwoa Mariette Kövesi mwaka wa 1930 na wakajaliwa binti mmoja, Marina, mnamo 1935. Ndoa hiyo ilivunjika, na mwaka wa 1938 akamwoa Klára Dán, mzaliwa wa Budapest kama yeye.

Vita na bomu

Von Neumann alipata uraia wa Marekani mnamo 1937. Vita vya Pili vya Dunia vilipozuka, ujuzi wake wa kukokotoa nguvu za milipuko ulihitajika kila mahali. Kuanzia 1943 alishiriki katika mradi wa siri wa bomu la atomiki huko Los Alamos, jimbo la New Mexico.

Kazi yake kubwa huko ilihusu bomu la plutoniamu. Ilibidi baruti iliyozunguka tufe la madini hayo ilipuke kutoka pande zote kwa wakati mmoja na kulibana kwa usawa kamili. Hesabu zake zilisaidia kuonyesha kwamba jambo hilo liliwezekana. Bomu la aina hiyo lilifanyiwa majaribio Julai 16, 1945, na mnamo Agosti 9 mwaka huo likaangushwa Nagasaki, Japani, na kuua makumi ya maelfu ya watu. Von Neumann alikuwa pia katika kamati iliyojadili miji ya kulengwa.

Hesabu hizo nzito ndizo zilizompeleka kwenye tarakilishi. Katika kiangazi cha 1944, akisubiri treni katika stesheni ya Aberdeen, jimbo la Maryland, alikutana na mwanahisabati wa jeshi, Herman Goldstine. Katika mazungumzo, Goldstine alimdokezea habari za mashine ya kielektroniki iliyokuwa ikiundwa jijini Philadelphia. Mashine hiyo, ENIAC, ilikuwa na valvu za kioo zipatazo 18,000, za aina iliyotumika katika redio za zamani, na uzani wa tani 30.

ENIAC ilikuwa na kasi ya ajabu kwa wakati huo, lakini ilikuwa na kasoro moja kubwa. Kila ilipopewa kazi mpya, ilibidi mafundi wabadilishe nyaya na swichi zake kwa mikono, shughuli iliyoweza kuchukua siku kadhaa. Katika mikutano na waundaji wake, J. Presper Eckert na John Mauchly, kulijadiliwa mashine ya pili ambayo maagizo yake yangewekwa ndani ya kumbukumbu pamoja na nambari za kukokotolewa.

Mnamo Juni 1945 von Neumann aliandika rasimu ya ripoti kuhusu mashine hiyo ya pili, EDVAC. Goldstine aliisambaza ikiwa na jina la von Neumann pekee. Eckert na Mauchly waliudhika mno, kwani waliamini kwamba jasho lao lilikuwa limepewa jina la mtu mwingine. Hali kadhalika, Mwingereza Alan Turing alikuwa tayari ameeleza mnamo 1936, kwa njia ya nadharia, mashine moja inayoweza kufanya kazi ya mashine yoyote ikipewa maelezo yake. Hadi leo mpangilio huo hutajwa kwa jina la von Neumann, na wapo wanaohisi kwamba haki haikutendeka.

Lisilopingika ni kwamba alilieneza wazo hilo kuliko mtu mwingine yeyote. Mashine aliyoijenga Princeton kuanzia 1946 haikufanywa siri. Michoro yake ilisambazwa, na nyingine za aina hiyo zikaundwa Marekani kwenyewe, Uswidi, Israeli na Australia. Mkewe, Klára, alijifunza kuandika programu na kuwa miongoni mwa waandishi wa kwanza wa programu za tarakilishi duniani.

Vipuri vibovu, mashine nzima

Valvu za mashine hizo zilikuwa na tabia ya kuungua, na moja tu ikiharibika hesabu nzima ingeweza kupotoka. Wahandisi wengi waliliona hilo kuwa tatizo la kiwandani. Von Neumann aliliona kuwa swali la msingi. Ubongo wa binadamu umeundwa kwa mabilioni ya seli ambazo hukosea na kufa, na bado mtu huendelea kufikiri. Kwa nini mashine isiweze?

Alilizungumzia suala hilo katika kongamano lililofanyika Pasadena, California, Septemba 1948, na akalirejelea kwa kina katika mihadhara aliyoitoa mjini humo mwaka wa 1952. Alithibitisha kwa hisabati kwamba mashine ya kutegemewa inaweza kujengwa kwa vipuri visivyotegemeka, mradi kazi moja ifanywe na sehemu kadhaa kwa pamoja na uamuzi wa wengi ufuatwe. Ni kama baraza la wazee, ambamo mmoja akiteleza wengine humsahihisha. Waswahili walikwisha sema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa.

Fikra hiyo ilikuja kuwa uhai wa safari za angani. Tarakilishi iliyoiongoza roketi ya Saturn V, iliyowapeleka binadamu mwezini mnamo 1969, ilikuwa na saketi zake za kufikiri katika nakala tatu zilizopigiana kura. Moja ikikosea, mbili ziliishinda na safari ikaendelea.

Mashine inayojizalisha

Katika kongamano lile lile la 1948 aliuliza swali jingine lililoonekana kama hadithi ya paukwa pakawa: je, mashine inaweza kuunda mashine nyingine iliyo sawa nayo? Kila mtu alijua kwamba kiwanda huunda vitu vilivyo sahili kuliko kiwanda chenyewe. Viumbe hai, kinyume chake, huzaa viumbe vilivyo changamano kama wao, na wakati mwingine zaidi.

Von Neumann aliwaza mashine inayoelea ziwani miongoni mwa vipuri vingi. Mashine hiyo ina mkono wa kujengea, kifaa cha kunakili, na utepe wenye maelezo ya umbo lake. Ugumu ulikuwa huu: kama maelezo hayo yangepaswa kujieleza yenyewe, basi yangehitaji maelezo ya maelezo, na kadhalika bila kikomo.

Alilifumbua fumbo hilo kwa kuutumia utepe mara mbili. Kwanza, mashine huusoma utepe na kutii kila agizo hadi mtoto wake akamilike. Pili, huunakili utepe huo herufi kwa herufi pasipo kujali maana yake, na kumkabidhi mtoto nakala. Mnamo 1953 James Watson na Francis Crick waligundua umbo la DNA, na utafiti uliofuata ukaonyesha kwamba chembe hai hufanya vivyo hivyo: maelezo yake husomwa ili kujenga mwili, na hunakiliwa ili kurithishwa.

Kwa ushauri wa rafiki yake Stanislaw Ulam, aliliacha ziwa na kuichora mashine hiyo kwenye miraba, mfano wa karatasi ya hesabu, kila mraba ukiwa na hali 29 zinazowezekana. Hakuikamilisha kazi hiyo. Arthur Burks aliikusanya na kuichapisha mnamo 1966.

Roketi ya maangamizi

Msomaji anaweza kudhani kwamba mtu wa mawazo kama hayo alitumia miaka yake ya mwisho maktabani. La hasha. Vita Baridi vilipokolea, von Neumann aliunga mkono bomu la haidrojeni, na alijulikana kama mtu aliyependelea Marekani iushambulie Muungano wa Kisovieti kabla haujajiimarisha kwa silaha za nyuklia.

Mwishoni mwa 1953 alipewa uenyekiti wa kamati ya kuishauri serikali kuhusu makombora ya masafa marefu. Februari 1954 kamati hiyo ilipendekeza kombora la Atlas liundwe kwa haraka, maadamu bomu la haidrojeni lilikuwa limepungua uzani kiasi cha kubebeka. Lengo lilikuwa kuifikisha nyuklia katika bara jingine kwa muda wa nusu saa hivi.

Lakini ni roketi hiyo hiyo ya Atlas iliyomtuma John Glenn kuizunguka dunia Februari 1962. Agosti mwaka huo, Atlas iliyoongezewa hatua ya juu ilikirusha Mariner 2, chombo kisicho na mtu ambacho Desemba kilipita karibu na sayari ya Zuhura na kuwa cha kwanza kutuma habari kutoka sayari nyingine. Silaha iliyokusudiwa kuteketeza miji iligeuka kuwa ngazi ya kupandia angani. Von Neumann hakuishi kuliona badiliko hilo.

Kitandani

Mnamo Machi 1955 aliapishwa kuwa mwanachama wa Tume ya Nishati ya Atomiki ya Marekani. Kiangazi cha mwaka huo alianza kulalamikia maumivu ya bega, na madaktari wakagundua kwamba alikuwa na saratani iliyokwisha kuingia mifupani. Wapo waliohisi kwamba ugonjwa huo ulitokana na miali ya nyuklia, kwani alihudhuria majaribio ya mabomu katika kisiwa cha Bikini mnamo 1946. Hilo halijathibitishwa.

Februari 1956 alikwenda ikulu ya White House akiwa katika kiti cha magurudumu, ambapo Rais Dwight Eisenhower alimvisha Nishani ya Uhuru. Baada ya hapo alilazwa katika hospitali ya kijeshi ya Walter Reed, Washington. Maafisa waliokula kiapo cha kutunza siri walikaa karibu naye, ili dawa zisije zikamfanya atoe siri za taifa usingizini.

Alikuwa ameahidi kutoa mihadhara katika Chuo Kikuu cha Yale kuhusu ulinganifu wa ubongo na tarakilishi. Aliandika kitandani hadi nguvu zikamwishia. Muswada huo ambao haukukamilika ulichapishwa mnamo 1958, utangulizi wake ukiandikwa na Klára.

Waliomtembelea waliumizwa zaidi na hali ya akili yake. Mtu aliyesifika kwa kukokotoa kichwani kuliko yeyote aliyekuwa karibu naye sasa alihangaika na hesabu ndogo za kujumlisha. Alishikwa na hofu ya kifo, akaomba kasisi wa Kikatoliki amtembelee. Mwanahisabati huyo aliyethibitisha kwamba maelezo ya mashine yanaweza kunakiliwa na kurithishwa hakuwa na njia ya kuinakili akili yake mwenyewe. Alifariki Februari 8, 1957, akiwa na umri wa miaka 53, na akazikwa mjini Princeton.

Urithi wake angani

Miaka 23 baadaye, katika kiangazi cha 1980, wanasayansi waliokusanywa na NASA huko Santa Clara, California, waliyachambua mawazo yake kwa uzito wote. Walipendekeza kiwanda cha kupelekwa mwezini kikiwa na uzani wa tani 100 hivi, ambacho kingetumia udongo wa huko kujizalisha. Wakati huo huo mwanafizikia Frank Tipler alidai kwamba kama kungekuwa na viumbe wengine wenye maarifa, vyombo vyao vinavyojizalisha vingekuwa vimekwisha enea katika nyota zote. Carl Sagan alimpinga. Hadi sasa hakuna chombo kilichojizalisha angani, na mjadala huo umebaki kwenye karatasi.

Ila uwezo wa kujitegemea umepiga hatua. Mei 1999 chombo cha Deep Space 1, kilichokuwa mamilioni ya kilomita kutoka duniani, kilikabidhiwa programu ya akili bandia iliyoitwa Remote Agent. Badala ya kupewa orodha ya maagizo, programu hiyo ilipewa malengo, ikajipangia kazi na kuchunguza hitilafu zilizobuniwa makusudi ili kuijaribu. Siku ya pili ilikwama, sehemu zake mbili zikingojeana, kosa ambalo majaribio ya ardhini hayakulibaini. Wahandisi walilielewa tatizo, na siku chache baadaye jaribio likakamilika.

Tukio hilo lilirejesha swali la valvu zilizoungua: si kama mashine itakosea, bali itafanya nini ikishakosea. Ishara ya redio huchukua kati ya dakika tatu na 22 kufika Mihiri, hivyo gari la utafiti linalokaribia shimo haliwezi kusubiri ushauri. Perseverance, lililotua huko Februari 2021, hujichagulia njia miongoni mwa mawe pasipo dereva.

Von Neumann hakuacha roketi yenye jina lake wala bendera mwezini. Aliacha njia ya kufikiri inayokubali kwamba kila kipuri kitaharibika siku moja, na inayouliza mapema jinsi kazi itakavyoendelea. Aliacha pia bomu na kombora, na hayo hayapaswi kufichwa tunapomsifu. Akili yake ilizitumikia kazi zote kwa bidii sawa. Uamuzi wa lipi litumike na lipi liwekwe kando hakuweza kuuachia mashine, na vizazi vilivyomfuata pia haviwezi.